Zamu ya Mwezi Sita

Kama kuna baba Kismayu nzima aliyezijua zamu zake za kumchukua mtoto kunishinda mimi, Fuad, na ajitokeze. Hesabu nimesoma mpaka kidato cha tatu, na sijapata kumwacha mwanangu akingoja mlangoni pa watu. Hata siku moja.

Mimi ni kalafati. Nalala chali chini ya chombo kilichopwelewa, nikigonga pamba kwenye nyufa kabla maji hayajarudi. Maji hayaombwi ruhusa. Mke wangu Hasina alikuwa akifua mashuka hospitalini, na msimamizi wake naye alikuwa kama maji, ila maji hayatukani. Binti yetu Sabah, miaka minne, alishinda kwa Bi Barke, mwanamke aliyewalea uani kwake watoto wa wafanyakazi. Bi Barke alitaka jambo moja tu: kabla ya magharibi kila mtoto awe amechukuliwa.

Basi tukagawana zamu kwa mwezi wa angani. Siku ambazo maji hutoka asubuhi, jioni ilikuwa yangu. Kuanzia mwezi sita, yaani siku ya sita tangu mwezi kuandama, maji hutoka mchana, nami niko chini ya mbao. Wiki hiyo msimamizi alimruhusu Hasina atoke mapema. Wiki hiyo tu, siku haiongezwi.

Mtoto hakukosa mtu. Waliokosa mtu ni sisi. Nikirudi, Hasina kalala. Akiondoka, nimelala mimi. Nilimjua mke wangu kwa harufu ya sabuni ya hospitali kwenye mto. Habari zake nilizipata kwa Sabah.

"Mamako kasemaje?"

"Kasema unakoroma."

Ukaingia Mfunguo Mosi. Kwetu kisiwani Koyama waliuona mwezi jioni moja, mji ukauona jioni ya pili. Mimi ni mtu wa Koyama. Nikala Idi peke yangu chumbani, tende tatu na chai ya jana, mke wangu akiwa amefunga. Kesho yake wakala Idi wao, mimi niko chini ya chombo.

Siku chache baadaye Hasina aliniamsha alfajiri. Mizinga ilikuwa ikisikika mbali tangu juzi.

"Baba Sabah, leo mwezi tano. Zamu yako."

"Mwezi sita, Mama Sabah. Yako."

"Wa mji ni tano. Mimi sijaruhusiwa mpaka kesho, na majeruhi wanaletwa kwa magari."

"Mji una macho? Koyama wameuona."

"Mtoto hali mwezi, Fuad."

Akafunga mlango polepole, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa. Mimi nikajigeuza nilale. Nilijua atakwenda tu. Katika ndoa yetu, Hasina ndiye aliyekuwa akishindwa kwanza.

Siku hiyo nilikuwa kwenye mashua ya rafiki yangu Badi, aliyetaka kuwahamisha watu kabla vita havijaingia. Niligonga pamba mpaka jua likazama. Ndivyo nilivyomwambia Hasina, na ndivyo nilivyomwambia kila aliyeniuliza.

Magharibi risasi ziliingia mtaani. Nilikimbia nyumbani, na Hasina akaja mbio kutoka upande wa pili. Tukakutana mlangoni, mara ya pili tu katika wiki nzima kuonana tukiwa macho. Akaitazama mikono yangu, nami nikaitazama yake.

"Sabah yuko wapi?"

"Si unaye wewe?"

Kwa Bi Barke tulikuta kufuli. Jirani aliyekuwa akifunga mzigo alituambia bila kusimama: Bi Barke amepanda chombo kuelekea visiwani, pamoja na mtoto mmoja ambaye hakuchukuliwa.

Badi alitupakia. Siku tisa tulishuka kusini, kisiwa baada ya kisiwa, tukiuliza. Hasina alikaa mbele omoni, mimi nyuma tezini nikichota maji yaliyopenya kwenye nyufa zangu mwenyewe. Kati yetu kulikuwa na watu ishirini, kuku na kitanda cha kamba. Koyama nilimtafuta mzee aliyeuona mwezi, akaapa mbele ya watu.

"Umesikia, Mama Sabah?" nikasema. "Ilikuwa sita."

Usoni alikuwa na chumvi, na leso yake ameivuta mpaka kwenye nyusi. Aliniuliza jambo moja tu, kila kisiwa, bila kunitazama.

"Alasiri ile ulikuwa wapi?"

"Chini ya mashua ya Badi, mpaka jua likazama."

Badi akakohoa, akaangalia tanga. Nilijaribu kumchekesha, hakucheka. Siku ya sita niliacha kujaribu, nikachota maji tu.

Tulimpata kisiwani Kudha. Bi Barke alikuwa amekaa nje ya nyumba ya ndugu zake, Sabah kando yake, na viatu vilevile vya siku ile. Hasina alimbeba, akamnusa kichwa, akakaa chini naye hapohapo mchangani.

"Nilingoja mpaka risasi zikapita juu ya ua," alisema Bi Barke. "Hakuya mchu, si wewe si mamake."

"Ni mwezi, Bi Barke," nikaanza. "Sisi wa Koyama—"

"Mwezi uwate, usinitajie. Mtoto huyu anakula, analala, anacheza. Lakini kila nikimwuliza babako yu wapi, hufanya hivi." Akaweka kidole mdomoni. "Nikadhani umekufa, na mtoto kaona."

Hasina akamshika Sabah kidevu. "Mwambie mama."

Sabah hakumtazama mamake. Alinitazama mimi, kama anayeomba ruhusa.

"Baba," akasema, "siku ile ulipopita mlangoni kwa Bi Barke, nikakupungia, ukafanya hivi na kidole, ukaenda na Badi. Sijamwambia mtu."

Hasina akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama kwa siku tisa, na mimi, mwenye jibu la kila kitu, nilikuwa nikizihesabu kamba za viatu vya mtoto.

"Baba? Bado ninyamaze?"