Ningu wa Mbele

Malori ya mchanga yalikitafuna kijito cha Mzumbwe mpaka kikabaki tope, na walioruhusu wanakunywa maji ya chupa. Ndivyo alivyosema Mfaume kwa yeyote aliyesimama kumsikiliza. Tangu amzike mkewe Tunu, kazi yake ilikuwa moja: kurudisha kokoto kwa karai na kupanda matete kingoni, ili samaki wale ningu wapande tena kutoka mto Ruvu kuja kutaga karibu na chemchemi.

"Nionyeshe hao samaki, mzee wangu, nami nizuie malori," Jabiri, mwenyekiti wa kijiji, alimwambia. "Maana unawaona peke yako, kama majini."

Masika yalipoanza kwa mvua kubwa, asubuhi yake Mfaume akamleta Jabiri kijitoni.

Hapakulia ndege wala chura. Maji yalikwenda kimya.

"Wa mbele usimguse," Mfaume alinong'ona. "Ndiye anayeijua njia. Wazee walimwacha apite, ndipo wakatega migono yao."

"Sawa, sawa."

Wakaja. Migongo myeusi, wamebanana kama wasindikiza jeneza, wala hawakurusha hata tone. Wa mbele, jike lililojaa mayai, akafika kwenye kokoto, akatulia.

Jabiri akainama, akamnyanyua. "Ushahidi huu hapa, mzee! Malori basi tena, wallahi!"

Samaki hakujitikisa. Nyuma yake ningu wote wakageuka kwa pamoja, taratibu, kama mlango unaofungwa.

"Wanakwenda wapi?" Jabiri aliuliza.

"Waulize. Si wewe kiongozi?"

Mfaume akampokonya samaki, akamrudisha majini. Samaki akazunguka, akazunguka, akigonga pua kwenye kokoto kama kipofu aliyeporwa fimbo. Kisha akalala ubavu.

Mfaume akaingia majini na msuli wake kiunoni. Akaanza kukipanda kijito, akiburuza miguu juu ya mawe aliyoyabeba mwenyewe.

"Mzee, toka huko! Unafanya nini?"

"Kazi yenu viongozi: kutangulia."

Alipoingia kivuli cha mikuyu, kitu cha baridi kikampapasa shavu la mguu. Kikafuata kingine. Kisha vingi, vikisukumana. Kule nyuma Jabiri alikuwa akisoma Ayatul Kursiy kwa sauti inayokatika.

Mfaume aliogopa kugeuka, akaogopa zaidi kusimama. Chemchemi ilikuwa bado mbali.