Nyumba ya Kiingereza ya Bwana Harub

Mwaka 1981 Bwana Harub alinijia Ibra, mji wetu wa jangwani, na picha moja ya nyumba, imepigwa mbele tu. Mimi ni mwashi. Shule niliacha darasa la nne, lakini nyumba nazijua. Ile ilikuwa ya matofali mekundu, nyembamba, ghorofa mbili, dohani ya kutolea moshi juu ya paa, mlango mmoja ukiangalia barabara. Iko Portsmouth, Uingereza, walikokimbilia yeye na mkewe walipotoka Unguja. Yeye alikuwa amerudi Ibra, kwao kwa asili ya wazee wake. Mkewe, Bi Thuraya, aligoma, akabaki kule.

"Nikimjengea hii hii atakuja," aliniambia.

"Ubavuni unasema hamna dirisha hata moja. Joto la hapa utalipeleka wapi?"

"Kule hamna. Usinifundishe nyumba yangu."

Nikajenga. Matofali yaliletwa kwa lori kutoka bandari ya Matrah. Hata ngazi niliipinda pale pale alipotaka. Nyumba ikasimama peke yake kwenye uwanja mtupu, nje ya mashamba ya mitende, na watu wakaja kucheka.

"Mlango mmoja! Wageni wanaume wakijaa, wanawake watokee kwenye dohani?"

Bi Thuraya alifika mwezi wa sita. Alishuka garini, akaitazama, akacheka kama msichana. "We Harub, una wazimu!" Bwana Harub aligeuka kando akafuta macho. Nikadhani tumeshinda.

Wiki ya pili waliniita. Nilimkuta Bi Thuraya chumba cha juu, jasho linamtiririka, kiganja amekibandika ukutani.

"Fundi Marhoun, nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Hakuna kitu, bibi. Uwanja."

"Kule, upande huu alikuwa Shukriya. Upande ule Wadha. Wote watu wa kwetu Unguja, nyumba zimeshikana, ukuta mmoja. Asubuhi nagonga, Shukriya anagonga: chai tayari. Nilipougua alinisikia nikikohoa, akaja na uji sijamwita."

Bwana Harub alikuwa amesimama mlangoni. "Si ungeniambia, Thuraya?"

"Miaka kumi na mitano umelala chumba kile. Nikuambie nini?"

Bwana Harub akanigeukia mimi. "Toboa madirisha. Kesho. Pande zote mbili."

"Acha, fundi," alisema Bi Thuraya, taratibu tu. "Nichungulie nani?"

Alhamisi nilimpeleka mimi uwanja wa ndege wa Seeb arudi Uingereza, maana mumewe alikataa kutoka. Kabla hajaingia ndani alinipa salamu: "Mwambie akinitaka, mlango anaujua."

Nilirudi Ibra nikazifikisha. Bwana Harub alikuwa amekaa kwenye ngazi, kanzu imemganda mgongoni.

"Alilia?" akaniuliza.

"Hapana," nikasema.

Ilikuwa kweli, na hadi leo najuta sikumdanganya.