Mbwa wa Plastiki Kwenye Kifusi

Mimi si mtu mbaya, ila mzaha unaniwasha mikono. Mwaka jana nilichukua kimbwa cha plastiki, nikakipaka rangi ya kijani kama shaba iliyokaa ardhini, nikakifukia kwenye shimo la Hilda, mwenzangu katika kuchimbua mabaki ya Warumi wa kale. Alipiga yowe la furaha, kambi nzima tukaja mbio. Imogen, mkuu wetu wa uchimbaji, akakigeuza na kusoma jina la kiwanda tumboni. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Hilda hakucheka. Aliniwekea kinyongo majira yote ya baridi.

Sisi wa kujitolea hatulipwi. Fahari yetu ni moja tu: ukipata kitu cha maana, unaandika jina lako kwa mkono wako kwenye daftari, na mwenzako anatia lake chini kama shahidi. Hilda amechimba kijiji hiki cha raia, nje ya ngome ya Warumi, misimu kumi na tisa, na hajawahi kuandika hata herufi. Misumari na vigae tu. Mwaka huu ndio wa mwisho, goti lake linakwenda kupasuliwa.

Basi Ijumaa, siku ya kufunga mashimo, saa nne asubuhi, namwona kainuka na kitu kidogo cha kijani kiganjani.

"Cuthbert! Umeanza tena?"

"Nimeanza nini?"

"Huna hata haya, mzee mzima!" Akakirusha juu kabisa ya lundo la kifusi.

"Hilda, haki ya Mungu, mwaka huu sijafukia kitu!"

"Hata mwaka jana uliapa." Akaenda zake kunywa chai.

Kama si changu, basi ni cha Warumi, na jina la Hilda limeishia kwenye kifusi kwa sababu yangu. Kumwambia Imogen sikuthubutu, maana alishaniapia kwamba nikifanya mzaha mwingine, mimi na mwiko wangu wa kuchimbia tutarudi nyumbani. Nikachukua chekeche.

Mvua nayo ikaanza. Nilichekecha tope mpaka mkate wangu wa jibini ukageuka uji. Hilda akapita na mwavuli.

"Unatafuta nini, baba?"

"Jina lako!" nilimfokea.

Akanitazama kidogo, akaondoka.

Saa kumi jioni, kijani! Nikapiga yowe, kambi nzima ikaja mbio. Imogen akakipangusa, akakigeuza, akasoma kwa sauti jina la kiwanda.

Wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Mbwa wako nimemtunza mwaka mzima," alisema Hilda.

"Kumbe hukupata kitu?" Nilikaribia kulia, nasema kweli.

Imogen akafungua daftari. Saa mbili na nusu asubuhi ile, kabla sijafika: dadu ya mfupa. Pembeni, jina la Hilda, herufi kubwa za mtu aliyesubiri sana. Wawili hao walikuwa wameificha siku nzima. Hilda akaniwekea mbele kiboksi chenye dadu.

"Hesabu."

Nikahesabu nukta upande kwa upande. Pande za sita zilikuwa mbili, na upande wa moja haukuwepo.

"Ya tapeli," alisema Imogen.

"Ndugu yako huyo," alisema Hilda, akinifuta tope usoni kwa skafu yake. "Haya, nafasi ya shahidi nimekuachia."

Nikaandika jina langu chini ya lake, na alama ya dole gumba langu la tope imebaki kwenye ukurasa ule mpaka leo.