Sweta la Ngongoti

"Kwenye friza? Na samaki?"

"Mama, ni friza ya makumbusho. Kila kitu cha sufu kinapita humo kabla hakijaingia ukumbini."

"Sikukupa kitu cha sufu. Nilikupa sweta la mdogo wako."

Binti yangu akatupa jicho mlangoni, asije mtu akatusikia. Yeye ndiye aliyeyaandaa maonyesho yale, na yalikuwa yafunguliwe kesho yake: chumba kizima cha vitu vya vijana waliofukiwa jengo lilipoporomoka. Viatu, kofia za ujenzi, redio iliyopondeka. Katikati, kwenye kabati la kioo, sweta la kijani la mwanangu. Alikuwa mwashi, na mtaa mzima ulimwita Ngongoti kwa urefu wake. Siku ile alilitundika nyumbani kwa sababu ya joto.

Tangu msiba nililihifadhi kwenye mfuko wa plastiki bila kulifua. Nikifungua mfuko, namkuta: jasho, saruji, na ile sabuni yake kali. Nanusa, nafunga, naenda kazini. Leo nilikuja kulinusa kabla watu hawajaanza kulikodolea macho. Binti yangu akanifungulia kioo, nikaingiza pua. Nikakuta harufu ya duka.

"Likagandishwa," nikasema. "Halafu?"

"Halafu tukalipitishia mashine ya kunyonya vumbi. Polepole, Mama, tumelifunika wavu lisivutike."

"Hongera. Mmemnyonya akaisha."

"Usinifanyie hivyo."

"Nikufanyieje? Nikupigie makofi?"

"Lilikuwa na wadudu! Mgongoni palishaanza matundu. Ule mfuko wako ulikuwa unawalea. Siku moja ungefungua ukakuta nyuzi."

"Wadudu wangu, nyuzi zangu. Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo."

Akaegemea ukuta. Akashusha sauti.

"Nililinusa kabla sijaliweka kwenye friza. Nilijifungia stoo nikalinusa mpaka kichwa kikaniuma. Wewe ulikuwa naye peke yako muda wote huo, Mama. Hata siku moja hukuniambia, njoo."



"Nalichukua," nikasema.

"Chukua. Ila kesho mama za wenzake watakuja, kila mmoja atakuta cha mwanawe. Wa kwetu hatakuwepo."

"Kwani yupo?"

Nikalishika pindo nilitoe. Mkono ukasita. Nilipeleke wapi? Nilichokuwa nakifungia kwenye mfuko hakimo tena, na mimi si mtu wa kufunga mfuko mtupu. Nyumbani lingebaki chakula cha wadudu.

Nikarudi nyuma hatua mbili, na hapo ndipo nikaona walivyolijaza. Kifua mbele, mabega sawasawa, sponji imejaa kila mahali.

"Nani kamvalisha hivi?"

"Fundi wetu. Wanajaza ili kitambaa kisivutike."

"Huyu ni askari wa gwaride. Mdogo wako bega la kushoto lilishuka kwa kubeba mifuko ya saruji. Na kifua alikitoa wapi?"

Binti yangu akacheka, kicheko kibaya. "Hakuwa na kifua hata cha kuazima."

"Wageni wataona mtu mwingine kabisa."

"Basi nifanyeje, Mama? Nieleze."

"Libaki hapa. Moja kwa moja, sitalidai tena. Lakini halibaki hivi."

Akaninyooshea glavu. Nikazikataa, sweta lile nililifuma kwa mikono hii hii. Nikapenyeza mkono chini ya pindo, nikachomoa sponji ya kifuani, kisha ya begani, kipande kwa kipande, mpaka sufu ikalala upande wa kushoto. Likawa sweta la mtu mwembamba aliyetoka kazini.

Nikamtwisha binti yangu lile rundo la sponji. Alikuwa analia, sikumbembeleza, sikuwa nayo hiyo nguvu. Nikasukuma kioo mwenyewe mpaka kikagota.

"Tia ufunguo," nikamwambia.

Akatia, akazungusha.