Benchi la Wasiozalisha

Mtaani walimwita Mkurugenzi, na yeye aliitika. Alikuwa mwaka wa pili chuo cha biashara, hajawahi kuuza hata kiberiti, ila alikuwa na suti ya kijivu aliyoivaa kila siku yenye kipindi cha Mbinu za Uongozi, jua liwake lisiwake.

Siku ya kukabidhi kazi aliamka alfajiri. Kazi ya mwisho ya muhula ilimtaka kila mwanafunzi achague biashara inayochechemea, aichunguze, aitibu, kisha mwenye biashara atie saini kwamba tiba imekubalika. Fomu itumwe siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi na mbili jioni. Bila saini, somo zima linarudiwa mwakani, na kurudia somo si jambo ambalo mtu aitwaye Mkurugenzi anaweza kulieleza mtaani akaeleweka.

Alikuwa amechagua duka la ushonaji la mama yake. Halikuwa likichechemea, lakini lilikuwa karibu.

Wiki nzima alijibanza kwenye kona na daftari lenye safu mbili, muda na manunuzi. Akagundua jambo ambalo mama yake, miaka ishirini na tano akikanyaga cherehani, eti hakuwahi kuliona: majirani wanne, wote akina mama, walikuja kila asubuhi, wakakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri wakipiga soga, bila kununua chochote. Akawapa jina la kisomi, rasilimali watu isiyozalisha.

Basi saa mbili asubuhi, mama akiwa ameenda kununua uzi, Mkurugenzi alilitoa benchi, akaliegemeza nyuma ya choo na kubandika karatasi mlangoni: Wateja Tu. Bibi Miwani, mkubwa wa wale majirani, akafika na wenzake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hii karatasi inatuhusu sisi?"

"Si nyinyi kama nyinyi, bibi. Ni mabadiliko ya mfumo."

Wakatazamana, wakageuza njia.

Chuoni, alipowasilisha kazi yake, mambo yalimnyookea. Picha ya benchi ilijaa ukutani, mshale mwekundu umelichoma katikati. Mhadhiri, mtu aliyefundisha kujiajiri kwa miaka ishirini huku akila mshahara wa mwisho wa mwezi, alitikisa kichwa kwa raha.

"Na hao akina mama wameenda wapi?" aliuliza msichana mmoja wa nyuma.

"Hilo liko nje ya mipaka ya utafiti," mhadhiri akamjibu, na darasa likapiga makofi.

Saa kumi na mbili kasoro robo jioni Mkurugenzi aliingia dukani kifua mbele, fomu mkononi. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni, sindano kidoleni, katikati ya rundo la mashati meupe ya shule. Yalikuwa mia na ishirini, na shule iliyataka kesho asubuhi.

"Mama, naomba saini yako hapa."

"Kila shati lina vifungo saba," mama alisema bila kuinua macho. "Unajua vinashonwa na nani?"

Hapo ndipo alipoikumbuka mikono ya wale majirani wa benchi. Ilikuwa ikipanda na kushuka wiki nzima juu ya mashati yaliyolala mapajani mwao, soga zikiendelea, na yeye akahesabu soga. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Hawanunui kwa sababu wao na watoto wao nawashonea bure," mama akaongeza. "Ndivyo tulivyokubaliana tangu hujazaliwa."

"Ngoja nikawaite, mama. Nitawaomba radhi."

"Nimeshakwenda. Nakala ya taarifa yako ya chuo uliiacha hapa mezani, nikawapelekea wakaisoma. Bibi Miwani anasema watarudi kesho. Leo wanapumzika, wamechoka na kazi ya kutozalisha."

Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Mkurugenzi alibaki amesimama na fomu yake, hana uso wa kuomba tena. Mama akajipangusa vidole, akaichukua mwenyewe. Akaisoma taratibu, mstari kwa mstari, mpaka alipofika palipoandikwa: Wanaokaa dukani bila kuzalisha, wanne.

"Hesabu haijatimia hii," alisema.

Akakata wanne, akaandika watano. Pembeni akaandika jina la mwanawe, lile la kuzaliwa, pamoja na la baba na la babu, asije akachanganywa na mtu mwingine. Kisha akatia saini kwamba tiba imekubalika.

"Haya, tuma. Muda unakwenda."