Ufunguo wa Kabati la Sukari

Mama alipohamia kwa mwanawe na sanduku lake moja na ugonjwa wake wa sukari, kazi ya kumchoma sindano ilimwangukia mwana huyo, Fundi, mwenyewe. Mkewe hakuweza hata kuitazama sindano. Akiiona tu, anatoka chumbani. Fundi alikuwa mchomeleaji wa mageti na madirisha ya chuma, mtu wa vidole vinene vilivyojaa makovu ya cheche, lakini kwa mama yake alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Kila asubuhi kabla ya kwenda karakana alivuta insulini kwenye bomba la sindano, akaifinya ngozi ya tumbo, akachoma.

"Mikono ya msumeno, mguso wa pamba," mama alikuwa akimtania.

Kisha likaja joto la kukausha koo. Fundi alirudi kutoka karakana akitaka maji ya baridi ya kuuma meno, basi akazungusha kidude cha friji mpaka mwisho. Kichupa cha insulini alikisukuma nyuma kabisa, kikaegemea ukuta wa barafu, ili mapacha wake wasikifikie. Asubuhi moja alikikuta kimeganda. Akakifumbata kiganjani mpaka kikayeyuka, akakitazama kwenye mwanga: dawa ni ile ile, safi kama maji. Akamchoma mama, akaenda zake.

Tangu hapo sukari ikaanza kupanda. Kipimo kikawa kinasoma juu asubuhi, juu jioni. Mama akawa anakunywa maji kama mtu aliyevuka jangwa, na usiku hapati usingizi kwa kwenda chooni.

"Mama, unakula nini nisichokiona?" Fundi aliuliza.

"Nakula mnachonipa."

"Basi sukari inatoka wapi? Inaanguka kutoka darini?"

Fundi alikuwa na jibu lake tayari: mama anadokoa vitu vitamu. Mkewe akamwambia, "Baba Mapacha, mpeleke kliniki wamwangalie, usimhukumu mzazi." Hakusikia la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Alitengeneza komeo la chuma, akalifunga kwenye kabati la jikoni lenye sukari, asali na biskuti za watoto, mama akiwa amekaa pale pale akimtazama. Akatia kufuli, ufunguo akautia mfukoni.

Hakuishia hapo. Kwa kuwa sukari ilikuwa haishuki, akaanza kuongeza dawa kwa akili yake, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka kipimo cha dawa kikawa karibu mara mbili ya kile alichoandika daktari. Alijiambia kuwa dawa ni kama moto wa kuchomelea. Chuma kikikataa kushika, unaongeza moto.

Kichupa kile kikaisha. Asubuhi iliyofuata, Fundi alipitia duka la dawa, akanunua kipya, akarudi mbio asichelewe kazini, akamchoma mama kile kile kipimo kikubwa. Chai ilikuwa mezani. Mama aliigusa tu, akasukuma kikombe. Tangu kabati lifungwe, alikuwa anakula kama mgeni asiyetaka kuonekana mlafi.

Fundi alikuwa ameinama juu ya geti, miwani ya kuchomelea usoni, simu ilipoita. Akaiacha. Ikaita tena.

"Ufunguo uko wapi?" Sauti ya mkewe ilikuwa juu. "Mama anatetemeka, ameloa jasho, ananiita kwa jina la marehemu dada yake! Sukari imeshuka! Ufunguo, Baba Mapacha!"

Akapapasa mfuko. Ulikuwepo, umelala juu ya misumari.

"Ninao mimi. Vunja! Vunja hilo kabati!"

Alisikia kwenye simu mchi ukigonga mbao, mara moja, mara nyingine, na mapacha wakilia. Lile komeo alilitengeneza vizuri, halikuachia. Kilichopasuka mwishowe ni mlango wenyewe. Kisha akasikia mkewe akibembeleza: "Kunywa, Mama. Meza. Tena kidogo. Hivyo hivyo."

Alipowakuta hospitali, mama alikuwa amelala na dripu mkononi, macho wazi, akili zimerudi. Muuguzi, mwanamke mnene wa maneno machache, alianza na maswali mawili: kipimo gani, na dawa mnaiweka wapi. Fundi akaeleza jinsi alivyokuwa akikiongeza kipimo.

"Nyuma kabisa ya friji," mke alijibu. "Pale maji yanapoganda."

"Iliwahi kuganda?"

Fundi akatazama sakafu. "Niliiyeyusha."

"Insulini ikishaganda imekufa," muuguzi alisema. "Ukiiyeyusha unayeyusha maiti. Umemchoma dawa isiyo na nguvu, ukaiongeza bila kumwuliza mtu, halafu leo ukampa nzima kwa kipimo kile kile. Na hakula. Bahati yenu aliweza kumeza; angezimia, msingemtia kitu kinywani." Akageukia mke. "Iwekeni katikati ya friji, mbali na barafu. Mnayoitumia inaweza kukaa hata nje ya friji, mahali pa baridi pasipo na jua, mpaka siku mtakazoambiwa na duka la dawa. Na kipimo anabadilisha daktari, basi."

Muuguzi alipotoka, Fundi alivuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, nisamehe."

"Sindano zako hazijawahi kuniuma, mwanangu," alisema. "Kilichoniuma ni kufungiwa kabati kama mwizi, na wajukuu wangu wanaona."

"Nilidhani…"

"Ungeniuliza mara ya pili, ukaamini jibu."

Walirudi nyumbani, lakini mama hakukubali tena kuchomwa. Kabla ya kutoka hospitali alikuwa amemwomba muuguzi amfundishe, akajifunza mwenyewe, miwani puani, akihesabu alama za bomba kwa sauti. Asubuhi Fundi alisimama mlangoni na viatu vya kazi miguuni, akiona ngozi ya tumbo ikimponyoka mama vidoleni. Alipiga hatua moja mbele.

"Kaa huko huko," mama alisema bila kuinua kichwa.

Akakaa huko huko. Mama akajichoma, akashusha pumzi, akatafuta kwa macho kopo gumu la plastiki la kutupia sindano. Lilikuwa juu ya rafu, mkono wake haulifikii. Alisita kidogo, kisha akamnyooshea mwanawe bomba lililotumika.

"Haya, katupe," alisema. "Na uangalie lisikuchome."