Mpaka Anapogeukia Mama

Asubuhi ile Fundi Pindo alikuwa amechuchumaa kwenye mstari wa kwanza wa mahindi yake matamu, anafunua moyo wa mche kwa kidole gumba. Ndani alikuta alichokitegemea: majani yametobolewa kama kitambaa kilichopitiwa na panya, uchafu wenye unyevunyevu mfano wa vumbi la msumeno, na katikati yake kiwavijeshi mnene amejikunja, ameshiba. Akamchomoa, akamtosa kwenye ndoo ya maji ya sabuni, akasogea mche wa pili. Dawa aliyouziwa dukani ilikuwa haijafua dafu. Viwavi walioga nayo wakazidi kunawiri.

Watu walimwita Fundi Pindo kwa sababu pindo aliloshona yeye halifumuki. Nguo yenyewe ilichakaa ikaisha, pindo likabaki. Ikifika saa ya kufungua maduka alitakiwa awe kwenye cherehani yake barazani. Shamba likazidi kuwa kubwa na mgongo ukazidi kuwa mfupi, na alikuwa anafikiria kuyaacha mahindi yajitetee yenyewe.

"Umeruka mmoja," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Mama yake mzazi alikuwa amesimama mstari wa pili, nguo ameikaza kiunoni, kindoo mkononi. Mama huyo alikuwa amefariki mvua zilizopita, kifua kilipombana, na Fundi mwenyewe ndiye aliyemfunga kidevu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chini ya jani hilo. Kakuona, kajificha."

Fundi akalifunua jani, akamkuta. Wakaendelea na kazi, huyu mstari huu, yule mstari ule. Jambo la mama kuwa marehemu halikuwa la kuzungumzwa wakati viwavi wamejaa namna ile. Fundi aliona tu kwamba umande haukumlowesha miguu, na kwamba halalamikii tena magoti. Mama alikohoa kidogo, kwa mazoea tu, na Fundi akaendelea kuokota.

Wifi yake, mke wa mdogo wake, alipita njiani na dumu la maji. Akamwona mama mkwe wake, akatua dumu, akapiga goti.

"Shikamoo, mama. Huko hamjambo?"

"Marahaba, mwanangu. Hatujambo, ila hakuna cha kufanya."

"Basi ndiyo maana," wifi akasema, akajitwika dumu lake. "Mtu akikaa bure mwili unamwasha."

Tangu siku hiyo mama alikuja kila asubuhi kabla jua halijakolea, wakati viwavi bado wako juu juu wanakula. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko alipokuwa hai. Alikokwisha kupita, mche ulitoa jani jipya, zima, la kijani kinachong'aa kama limepakwa mafuta. Na mstari ulipoishia kwenye mawe ya mpaka, mama hakusimama. Aliyaruka mawe kama anavyoruka mtu kizingiti cha nyumba yake, akaingia shamba la mdogo wake Fundi, akaendelea kuokota viwavi mche kwa mche hadi kwenye kichuguu. Hapo alinyoosha mgongo, akageuka, akaanza mstari mwingine kurudi.

Fundi alimtazama akigeuka, akapatambua mahali pale.

Pale kichuguuni ndipo mama alipowagawia. Alikuwa hai wakati huo, ameshika jembe, akawaambia wanawe wote wawili: huku wa kike, kule wa kiume, msigombane. Mdogo wake, ambaye mjini wote wanamwita Kinyozi kwa kuwa ndiye mwenye kibanda cha kunyolea kilicho njia panda, aliitikia kuliko dada yake. Mama alipozikwa, Fundi alilala ndani kwa huzuni, hana hamu ya chakula wala ya jua. Alipotoka akakuta mawe yamehama. Hayakuhama sana. Yalihama kiasi cha mtu kuonekana mchoyo akilalamika. Alikwenda kwa mjumbe wa mtaa, mjumbe akaja, akayatazama mawe kwa makini, akasema kwamba kwa jinsi anavyoona, mawe yapo pale yalipo. Akanywa maji, akaondoka.

Na sasa mama, ambaye hakuwepo mawe yalipohama, alikuwa anafanya kazi kwenye shamba kama alivyoliacha.

Haikuchukua muda jambo likajionyesha lenyewe. Shamba la Fundi lilikuwa zima. Kuvuka mawe, kipande chote hadi kichuguuni kilikuwa kizima vilevile, kimesimama, majani mapana kama masikio ya tembo. Baada ya kichuguu, mahindi ya Kinyozi yalikuwa matambara. Aliyepita barabarani akiwa na macho mawili aliona mpaka wa kweli ulipo, na aliyekuwa na jicho moja pia aliona. Wateja kibandani wakaanza kuuliza huku povu liko shingoni. "Kinyozi, mbona upande mmoja wa shamba lako umependeza hivyo?" Kinyozi akawaambia watulize kichwa, atawakata.

Asubuhi moja akaja mwenyewe, amebeba kigoda. Alikuwa hajaonana na mama yake tangu msiba. Alisimama mbele yake, mikono haina pa kukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, kitinda mimba wangu. Umekonda. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Kaa kidogo, mama, nimekuletea kigoda."

"Nikikaa sinyanyuki. Lakini hebu nikushukuru." Mama akakizungushia mkono kile kipande chote, kuanzia kichuguu hadi kwenye mawe. "Nimeona ulivyomlimia dada yako huku. Umepanda, umepalilia, hata magugu hamna. Nilikuwa nasema, nikiondoka hawa watatazamana kama paka na mbwa. Kumbe wapi! Mungu akuzidishie."

Fundi alikuwa karibu, kiwavi kiganjani. Hakumtosa. Alimtazama mdogo wake, na mdogo wake alitazama kichuguu kama anayekisoma.

"Ndiyo, mama," Kinyozi akasema mwishowe. "Tunasaidiana."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Sasa mama, na kule kwangu? Kule wananimaliza."

"Nitafika, baba. Sijamaliza kwa dada yako."

Kinyozi akaondoka. Kigoda alikiacha.

Siku zile Fundi alishona vibaya. Alipachika mkono wa kushoto kulia, akaufumua, akaurudia vilevile. Kila alipokanyaga cherehani alimwona mama akitabasamu, akimshukuru mwizi kwa wema, na hasira ikampanda hadi kwenye meno. Akimwambia ukweli, mama atarudi huko alikotoka na donge. Akinyamaza, atakuwa ameugonga mhuri uwongo ule kwa mkono wake mwenyewe. Alimpigia binti yake aliyeolewa mbali kumwomba ushauri. Binti akauliza kwanza kama bibi anakula vizuri.

Mahindi yakatoa mbelewele, kisha ndevu. Ndevu zilipoanza kunyauka mama alikuja na kijiko na mafuta ya kupikia, akawa anadondosha tone juu ya kila hindi, ili funza wanaoingilia huko juu wateleze, wasiweze kupenya. Fundi alimshikia chupa. Walifika kwenye mawe. Mama akainua mguu aruke.

"Mama, subiri," Fundi akasema. "Huko si kwangu tena. Mawe yalihamishwa tulipokwisha kukuzika. Kipande hicho anakilima yeye na anavuna yeye."

Mama aliuruka mpaka kwanza, akasimama upande wa pili.

"Najua."

"Unajua?"

"Nimekufa, mwanangu, sijapofuka."

Fundi aliiweka chupa chini. "Sasa ukamshukuru wa nini?"

"Nilimfungulia mlango. Nikamwachia wazi kabisa, hata kuinama alikuwa hahitaji. Angesema, 'Mama, si hivyo,' tungemaliza palepale." Akadondosha tone kwenye hindi, akalisugua taratibu kwa kidole. "Hakuingia."

"Basi yarudishe mawe."

"Nimejaribu. Siku ya kwanza, hata kabla sijakuita. Kiwavi namwinua. Kijiko nakiinua. Jiwe, hapana. Yale ni ya walio hai."

Fundi alilia hapo, si sana, maana chupa ilikuwa imelala na mafuta yanamwagika. Alilia kwa kuwa mama anajua, na kwa kuwa kumbe hakuwa peke yake kwa muda wote ule. Mama alimngoja amalize. Kisha akamwambia ainue chupa, jua linapanda.

Kuanzia hapo Fundi alishona sawasawa. Na mtu akimuuliza shamba lake linaishia wapi, hakugombana wala hakushusha sauti. Alijibu, "Mpaka anapogeukia mama," akaendelea kukanyaga. Watu wakalizoea jibu hilo. Wauza maji walilitumia kuelekezana, wifi yake alilitumia, na hata mjumbe wa mtaa alisikika siku moja akimwambia mgeni kwamba choo cha umma kiko mkabala na pale anapogeukia mama.

Kinyozi naye alianza kuja asubuhi. Mama aliendelea kusema atafika kwake akimaliza, na hakumaliza, kwa hiyo Kinyozi alichukua ndoo yake akawa anaokota viwavi wa upande wake mwenyewe, mstari wa jirani na kichuguu, ili awe karibu kusikia sauti. Alimuuliza mama dawa ya kikohozi cha mtoto. Alimwomba amkumbushe jina la jirani wa zamani aliyekuwa na mbuzi mkorofi. Wakicheka, Fundi alicheka nao, ndipo akakumbuka kwamba amekasirika. Shamba la Kinyozi likaanza kupata majani mazima, moja moja. Mawe hakuyagusa.

Siku ya kuvuna, ndevu zilikuwa kahawia na maganda bado mabichi. Fundi alimenya hindi moja kidogo, akaikandamiza punje kwa ukucha, maziwa yakaruka. Mahindi matamu hayangoji. Yakipitiliza utamu unageuka unga. Walishika kazi familia nzima, kila mtu na kapu. Mpishi wa hoteli alikuja na mkokoteni wake, akang'ata hindi bichi palepale shambani, akafumba macho, akatafuna hadi kwenye gunzi.

"Haya ndiyo nayataka," akasema. "Ya nani na nani? Nisije nikachanganya."

Kinyozi ndiye aliyekuwa karibu. Alikuwa katikati ya kile kipande, kapu limejaa begani.

"Haya yote ya dada," akasema, akionyesha kwa kidevu. "Twende hivyo hivyo hadi kichuguuni. Langu linaanzia baada ya pale."

Maneno yalikwisha kutoka. Wifi aliacha kuvuna. Mpishi hakuelewa kitu, alikuwa anajipangusa mdomo. Kinyozi alisimama na kapu lake kama mtu aliyesikia akiitwa na hajui ni nani amemwita. Alimtazama dada yake, akamtazama mama yake, ambaye alikuwa anahangaika na ganda gumu.

Kisha akainama, akavunja hindi jingine la kipande kile, akaliweka kwenye kapu lake. Na jingine. Alikivuna chote, akayapakia pamoja na mahindi yake.

Fundi alimwacha. Alikuwa amesikia alichosikia, na mpishi alikuwa shahidi, na wifi, na barabara nzima iliyokuwa inapita. Alichagua mahindi manono kuliko yote, akayaacha kwenye mabua yakauke kwa ajili ya mbegu, akayafunga uzi mwekundu ili asiyasahau.

"Mnapanda lini tena?" mama akauliza, anakung'uta kindoo chake.

"Mvua ikishika," Fundi akasema.

"Nitakuja. Ila nitafutieni ndoo yenye mshikio mzuri."

"Mimi nitaileta, mama," Kinyozi akasema, na akaileta.